Povu la Kakese

Siku tuliyomzika Bwana Sumuni nilikuwa uani kwake mtaa wa Makanyagio, nimeinamia sufuria la wali pamoja na wanawake wengine wa ofisini, moshi umenijaa machoni, niliposikia sauti ya mtu akisalimia watu barazani. Sikuinua kichwa. Ukishaishi na mtu chumba kimoja mwaka mzima, sauti yake huwezi kuisahau. Mama Zawadi, jirani wa marehemu, akanigusa bega. "Adela, si yule mwenzako wa zamani, yule Msukuma? Minza?" Nikasema ndiye. "Mbona huendi kumpokea?" Nikamwambia wali utaungua. Wali ulikuwa haujaanza hata kukauka. Nilikuwa naupa moyo wangu nafasi ya kutulia, maana tayari ulikuwa umeanza kazi yake ya zamani ya kumpima Minza: amenenepa au amekonda, amevaa nini, nani amemkimbilia kwanza, na mjane amemshikilia kifuani muda mrefu kuliko alivyonishikilia mimi, mimi niliyebaki hapa Mpanda miaka yote hii, niliyempeleka marehemu hospitali kwa bajaji, niliyemlisha uji mkono wake ulipokataa kushika kijiko. Nimekaribia arobaini. Nina watoto wa shule, nina watu chini yangu kazini. Lakini pale kwenye moshi nilikuwa binti yule yule.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule tulioletwa Mpanda pamoja, mimi na Minza, kujifunza kazi. Mkoa ulikuwa bado mchanga. Watu ukiwauliza kwao ni wapi, wengine walikuwa bado wanajibu Rukwa. Tulitoka chuo kimoja, darasa moja, na kwa kuwa hatukuwa na ndugu mjini tulipanga chumba kimoja Makanyagio, nyumba ya mama mmoja wa kabila la Wabende aliyefuga bata. Chumba kilikuwa na dirisha moja la mbao na sakafu iliyopasuka katikati, mpasuko ambao sisi wenyewe tuliufanya mpaka: upande wangu, upande wake. Tulipika kwa jiko moja la mkaa. Minza alikuwa anajua kukaanga samaki mkavu aitwaye mgebuka na nyanya na karanga mpaka wapangaji wengine wanachungulia mlangoni na kusema, "Leo anapika Minza, eti?" Siku nikipika mimi hakuna aliyechungulia. Nilikuwa naliona hilo, na nilikuwa najiambia ni jambo dogo, na kesho yake naliona tena.

Maabara yetu ilikuwa chumba nyuma ya ofisi ya maji, zamani kilikuwa stoo ya mabomba. Bwana Sumuni ndiye aliyekuwa mkuu. Alikuwa Mfipa mrefu, mpole, aliyezungumza kama anaogopa kuamsha mtu aliyelala. Kazi yetu ilikuwa kupima maji ya visima na mito, na kipimo kimoja nilichokipenda kilikuwa cha sabuni. Unachukua maji, unatia rangi ya bluu, unatia klorofomu, unatikisa ndani ya chupa yenye bomba chini, unangoja. Kama maji yana sabuni, sabuni inaishika ile rangi na kuivuta mpaka kwenye klorofomu iliyotulia chini, na chini kunakuwa bluu. Bluu ikikolea, sabuni ni nyingi. Klorofomu ilikuwa inatupa kichwa kizito, tunatoka nje kupumua, lakini kipimo kile nilikiweza. Nilikiweza kumshinda Minza, na ndiyo ilikuwa furaha yangu.

Kisha likaja boksi la mashine na dawa kutoka Dar es Salaam. Mhadhiri mmoja aliyesoma na Bwana Sumuni alikuwa anataka kujua kama huku bara, mahali ambapo klorofomu ni ya shida na umeme ni wa kubahatisha, sabuni kwenye maji inaweza kupimwa kwa elektrodi za kutengeneza wenyewe. Bwana Sumuni alitukalisha, akatueleza taratibu. Elektrodi ni kipande cha bomba la plastiki, mwishoni kimefungwa kwa utando mwembamba kama ule unaoganda juu ya maziwa. Ndani kuna maji ya chumvi na uzi wa fedha. Utando umechanganywa na dawa inayoitambua sabuni kati ya chumvi zote zilizomo majini. Ukiuchovya, mashine inaonyesha umeme kidogo sana. Sabuni ikiongezeka, namba inashuka. "Hakuna kutikisa, hakuna klorofomu," alisema. "Lakini utando lazima muutengeneze kwa mikono yenu. Na mwisho wa mwaka huyu rafiki yangu atampokea mmoja wenu, akasome kwake." Minza ndiye aliyeuliza. "Mmoja tu, Mkuu?" "Mmoja tu, binti."

Utando ulitengenezwa kwa kuyeyusha unga wa plastiki kwenye dawa yenye harufu kama gundi ya mafundi bomba, kisha kuumimina kwenye duara la kioo na kuuacha ukauke polepole. Wa Minza ulikuwa unakauka ukiwa wazi kabisa, unaweza kusoma gazeti ukiuweka juu yake. Wangu ulitoka na mabaka, au na kipovu katikati, na hata ule uliotoka vizuri nilipouchovya namba ilikuwa inatangatanga kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Nilimwomba Minza anionyeshe. Alinionyesha bila kinyongo, zaidi ya mara moja, akinishika hata mkono. "Mimina kama hutaki, Ade. Usiulazimishe." Niliumimina kama sitaki. Mabaka. Ingekuwa ananificha kitu ningepata nafuu, ningekuwa na kitu cha kumchukia. Hakuficha chochote. Wema wake ulikuwa unanikera kuliko ambavyo ubaya wake ungenikera, na nikirudi chumbani nilikuwa nalala nimeupa mgongo ule mpasuko wa sakafu.

Jumapili baada ya misa tulikuwa tunakula kwa Bwana Sumuni. Mkewe, Mama Desi, alikuwa anapika ugali wa mahindi mapya na maharage ya Mishamo, yale makubwa yenye madoa, na kama kuna mgeni anaongeza kuku. Siku moja nilikuwa nyuma ya jiko nasuuza vyombo. Jiko lilikuwa la mabati, maneno yalikuwa yanapita kama hakuna ukuta. Minza alikuwa ameenda dukani. Nikamsikia Mama Desi akimuuliza mumewe, "Sasa kati ya hawa mabinti utampeleka nani?" Nikasikia kijiko kwenye kikombe. "Adela ana bidii sana," akasema. Nikaacha kusuuza. "Minza ana mkono." "Na bidii si kitu?" akauliza Mama Desi. "Ni kitu, mama Desi. Lakini bidii mtu anaweza kuongezewa." Nilibaki nimeshika sahani, maji yananidondokea miguuni. Nimeambiwa maneno mabaya maishani, nimetukanwa hata sokoni, na mengi nimeyasahau. Lile halikuwa neno baya. Alikuwa anasema ukweli kwa upole, akidhani simsikii, na ndiyo maana sikuwa na mahali pa kulirudisha.

Mvua za kwanza ziliponyesha, wakaja watu wa Kakese, nje ya mji. Mbele alikuwa Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe zake zamani, fimbo begani, hasira imemjaa. Kijito chao kimejaa povu, alisema, povu jeupe kama la maji ya kufulia, na ndama wake wanakufa. Wote walikuwa tayari wana jibu: akina mama wa Makanyagio wanaotengeneza sabuni ya maji. Kilikuwa kikundi cha wajane na wanawake walioachwa, kiongozi wao ni huyo huyo Mama Zawadi. Walikuwa wanakoroga sabuni kwenye mapipa uani, na maji ya kusuuzia mapipa yalikuwa yanaingia mtaroni, na mtaro unaingia kijitoni. Afisa mmoja alikwishasema kikundi kifungwe, mapipa yachukuliwe. Mama Zawadi alifika maabara kanga imemlegea kichwani. "Wanangu," alituambia, "nyie pimeni. Kama ni sisi, tutaacha. Lakini msiseme ni sisi kwa kuwa sisi ndio tuko karibu."

Tulienda Kakese kwa bodaboda kuchukua maji. Mzee Masanja alitupokea kwa uso uliofungwa, hakutupa hata pa kukaa. Ndipo Minza akainama kidogo na kumsalimia Kisukuma. Sikuelewa maneno yote, ila niliona uso wa mzee ukifunguka. Wakaulizana ukoo, wakaulizana walikotoka, na kabla hatujajaza chupa za kwanza tulikuwa tumewekewa vigoda na maziwa mgando kwenye vibuyu. "Mayu, kunywa," mzee alikuwa anamwambia, anamwita mama kwa heshima ya kwao. Mimi alinipa kibuyu kwa mkono mmoja, akiendelea kumtazama mwenzangu. Nilikunywa. Yalikuwa maziwa matamu sana na nilitamani yawe machungu.

Nilipima kwa njia yangu, Minza akapima kwa yake. Klorofomu yangu ikatulia chini ikiwa bluu, bluu ya sare za shule. Nikaiinua dirishani Bwana Sumuni aione. "Sabuni, Mkuu. Nyingi." Minza alikuwa anatazama mashine. Akasubiri namba itulie, akaosha elektrodi, akachovya tena. "Mimi sipati kitu," akasema. "Karibu sawa na maji ya bomba." "Utando wako umekufa," nikasema. Nilisema haraka mno. Akanitazama, akaiosha elektrodi tena. Bwana Sumuni akavua miwani, akaifuta. Nje tulikuwa tunamsikia Mama Zawadi akiongea na mlinzi. Kama mimi ndiye niliye sahihi, wanawake wale walikuwa wanapoteza mapipa yao na chakula cha watoto wao. Nilijua hivyo. Na bado, nikiwa nimesimama pale na chupa yangu ya bluu, nilikuwa nataka niwe sahihi kuliko nilivyokuwa nataka wao wabaki na mapipa yao.

"Mtabadilishana," akasema Bwana Sumuni. "Adela, shika elektrodi. Minza, shika klorofomu." Akaniambia nichukue maji yale ya Kakese, nitie ndani yake sabuni safi ya maabara, ile ambayo tunakijua kipimo chake, kidogo kidogo. Kama utando umekufa, au kama kuna kitu kwenye maji kinaufumba macho, namba haitashuka inavyopaswa. Kama uko hai, itashuka. Nikakaa kwenye stuli ya Minza. Ilikuwa bado na joto lake. Nikatia tone la kwanza huku moyoni naomba, naomba kabisa kwa jina la Mungu, namba isimame. Ikashuka. Nikatia tena. Ikashuka, taratibu, sawasawa, bila kutangatanga, kama mtu anayeteremka ngazi anazozijua. Utando wa Minza ulikuwa unaona kila tone. Nyuma yangu nilisikia Minza akitikisa chupa. Alikuwa anaiosha klorofomu yangu ya bluu kwa maji mengine yenye tindikali, hatua ambayo tulifundishwa chuoni, ya kuondoa vitu vingine vinavyojifanya sabuni, na ambayo siku hizo hakuna maabara ya wilayani niliyoijua iliyokuwa inaifanya. Nilipogeuka, bluu ilikuwa imepauka. Ilibaki kama jicho la mzee.

"Adela, unasemaje?" Bwana Sumuni aliniuliza mimi. Angeweza kumuuliza Minza. Minza mwenyewe alikuwa anatazama chini. "Hakuna sabuni, Mkuu," nikasema. "Au ipo kidogo sana. Haiwezi kutoa povu lile." Maneno yalitoka, na yalipotoka nikapata wazo, na wazo hilo lilikuwa langu peke yangu. "Twende juu ya mtaro. Kijito kinakotoka, kabla hakijafika Makanyagio. Kama povu lipo huko, basi si la mtu." Kesho yake asubuhi tukaenda, sisi wawili na Mzee Masanja na yule afisa, tukikanyaga tope mpaka kwenye bwawa la matete lililokauka kiangazi kizima na sasa limefurika. Majani yaliyooza yalikuwa yanasukumwa na maji mapya, na utomvu wake ndio uliojifanya sabuni kwenye klorofomu yangu, na kwenye kila kona ya kijito lilikaa povu, jeupe, limevimba, na hapakuwa na nyumba yoyote upande wa juu. Mzee Masanja akaligusa kwa fimbo. "Kumbe," akasema. Wiki hiyo hiyo daktari wa mifugo akawachoma sindano ndama wake waliobaki; ilikuwa ndigana, ugonjwa wa kupe.

Mkutano wa kata ulifanyika chini ya turubai. Bwana Sumuni alisimama akaeleza, kwa sauti yake ile ya kutoamsha mtu, jinsi ambavyo elektrodi ya Minza iligundua kwamba maji hayana sabuni. Elektrodi ya Minza. Alisema pia kwamba tulipanda mpaka bwawani, "tulipanda," alisema, kama vile wazo limeota lenyewe njiani. Wanawake wa sabuni wakapiga vigelegele. Mama Zawadi alimletea Minza dumu zima la sabuni ya maji, rangi ya kijani, amelifunga utepe. Mimi aliniletea chupa ya soda yenye sabuni hiyo hiyo. Nilishukuru kwa mikono miwili. Minza alijaribu kunigawia lile dumu tulipofika chumbani. "La kwetu sote, Ade." Nikamwambia sina nguo nyingi.

Mwisho wa mwaka alipelekwa Minza. Nilimsindikiza stendi asubuhi, nikambebea begi, nikamkumbatia, nikampungia basi mpaka likapotea kwenye kona. Nililia, na watu wakadhani nalia kwa kuachwa na rafiki. Ilikuwa kweli pia. Nilirudi chumbani nikaburuta kitanda changu mpaka katikati, juu ya mpasuko, na nikalala hapo miaka miwili, na kila nilipogeuka nilikuwa namwona Dar: koti jeupe, mashine mpya, wahadhiri wanamwita kwa jina. Wakati huo mimi nilikuwa namimina utando. Namimina, unaharibika, namimina. Sijui ni lini mabaka yaliacha kuja. Leo elektrodi za maabara yetu ninatengeneza mimi, na vijana wanaotumwa kwangu nawafundisha, na kila nilipofanikisha jambo nilikuwa najiuliza Minza huko aliko ameshafika wapi mbele yangu.

Siku ya kuanua matanga tulikaa mkekani, mimi na yeye, nyuma ya nyumba, tunachambua mchele. Tukazungumza ya watoto, ya waume. Kisha akaniuliza, "Bado uko maabara?" Nikasema nipo. "Na wewe? Sasa hivi si profesa?" Akacheka, akapeperusha ungo. "Profesa wa nini? Niliacha mwaka wa pili, Ade. Baba aliugua, nikarudi kwa ng'ombe. Baadaye nikafungua duka la dawa za mifugo, Tabora. Nipo hapo mpaka leo." Alisema kama mtu anayeeleza kwamba alibadilisha njia kwa sababu ya tope. Niliweka ungo chini. Miaka yote hiyo nilikuwa namwonea wivu mwanamke mwenye koti jeupe, na mwanamke huyo hakuwahi kuwepo. Ungedhani ningepata unafuu. Nilichopata ni hasira.

"Uliiacha?" nikasema. "Nafasi ile?"

"Niliiacha. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia! Ningeenda mimi!"

"Nafasi ilikuwa yangu, Ade. Haikuwa mkoba nikushikishe."

"Nilikuonea wivu," nikamwambia. Sikuwahi kulitamka kwa mtu, na lilitoka mbele ya mchele na watoto wa watu. "Mwaka ule wote. Mpaka leo."

"Najua," akasema Minza. "Nikishika kifaa ulikuwa unapumua kwa nguvu. Hata mlangoni nilikuwa nakusikia."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini? Nijifanye siwezi?" Macho yake yalikuwa makavu na makali, sikuwahi kumwona hivyo. "Ulitaka nijifanye siwezi, ili upate usingizi?"

"Hapana," nikasema. Na nilipolisema nikajua ni kweli, na kwamba ukweli huo haukupunguza chochote.

Mama Desi akatoka kwenye mlango wa jiko, amefunga kitambaa cheusi. Alisema watu wa kanisa wanataka mmoja wa wale waliofundishwa na marehemu aseme maneno machache. Alikuwa anatutazama sote, lakini macho yake yalitua kwa Minza, kama macho ya nyumba ile yalivyozoea. Minza akaokota pumba moja kwenye ungo. "Adela ndiye, mama," akasema. "Mimi nilikaa naye mwaka mmoja tu."

Basi nikasimama mbele ya watu, barazani, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Nikawaeleza habari ya povu la Kakese. Nikaeleza klorofomu yangu ilivyokuwa bluu na ilivyopauka, na jinsi Bwana Sumuni alivyotubadilisha mahali bila kumpandishia mtu sauti. Nikamtaja Minza na utando wake, kwa sababu bila utando ule hakuna habari. Nikafika kwenye bwawa, pale nilipowaambia twende juu ya mtaro, na watu walikuwa wametulia, Mama Zawadi anaitikia kwa kichwa, mjane ananitazama mimi. Ndipo Minza akaanza kulia, kwa nguvu, amejifunika kanga, na baraza zima likageuka kumtazama. Wanawake wakamkimbilia, wakampepea, wakamletea maji, wakamwita mwanetu, wakamwambia pole. Mimi nilibaki nimesimama na maneno yangu mkononi. Nikasubiri anyamaze. Kisha nikaendelea.